Zimamoto wamekuja bila maji? Habari ya moto wa nyumbani, mafuta yanayomwagika na bomba la mtaani

Kila nyumba ikiungua Dar video zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na chini yake maneno ni yaleyale, zimamoto wamechelewa afu wamekuja hawana maji. Watu wanatukana, kuna sehemu hadi gari linapigwa mawe. Mimi naona lawama hii ina ukweli ndani yake ila umechanganyika na kutoelewa kwingi, na ukianza kuifumua unajikuta unaongelea mambo matatu ambayo kwa kawaida kila moja tunaliweka kivyake: moto wa nyumbani, mafuta na kemikali zinazomwagika, na yale maji ya bomba yanafikaje mtaani kwako. Yote yanakutana kwenye maji, yanafaa wapi, hayafai wapi, na kwa nini siku unayoyahitaji yanakuwa hayapo.

Tuanze na hesabu ya gari. Gari la zimamoto ni tenki juu ya matairi, lina pampu basi. Tuseme limebeba lita 5,000, yapo madogo zaidi ya hapo na yapo makubwa. Mpira mmoja wa kuzimia unatema kama lita 400 kwa dakika, sasa gawanya mwenyewe, ni dakika 12 na ushee. Wakifungua mipira miwili ni dakika 6. Kwahiyo gari linaweza likafika limejaa pomoni, likaanza kazi wakati wewe bado unavaa ndala uje kushangaa, ukifika unakuta askari wamesimama mpira umelegea, na hapohapo unaapa mbele za watu kwamba hawa jamaa wamekuja mikono mitupu. Walikuja nayo, yameisha. Dakika 6 kwa chumba kimoja kilichoanza kuwaka sasa hivi zinatosha kabisa, ila kwa nyumba ya vyumba sita iliyowaka nusu saa na paa limeshashuka, hizo lita 5,000 zinaishia kuwa mvuke tu.

Kinachotakiwa hapo ni gari lijazwe palepale bila kuondoka. Ndo kazi ya haidranti, yale mabomba mafupi manene, mara nyingi mekundu, yanayochomoza pembeni ya barabara za mjini. Bomba lile limeunganishwa na laini kubwa ya maji ya mji, askari anafunga mpira wake, anafungua kwa ufunguo maalum na maji yanaingia kwenye gari kwa kasi. Sasa katembee mtaani kwako uone. Mitaa yetu mingi imejengwa kwanza barabara zikatafutwa baadaye, kwahiyo haidranti haipo kabisa, na zile za zamani za katikati ya mji unakuta moja imefukiwa na lami, nyingine fremu imejengwa juu yake, nyingine mtu kaegesha gari. Na hata iliyo nzima inahitaji kitu kimoja ambacho mtu wa Dar anakijua vizuri kwa kukikosa, presha.

Hapa inabidi tutoke nje ya mji kidogo. Maji ya bomba ya Dar kwa sehemu kubwa sana yanatoka mto mmoja, Ruvu. Kuna mtambo wa Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, uwezo wake ni lita milioni 270 kwa siku, na kuna Ruvu Juu kule Mlandizi wenye uwezo wa lita milioni 196. Upo na mtambo mdogo wa Mtoni wa lita milioni 9, na visima vya kujazia. Maji yakivutwa mtoni yana tope, yanawekwa dawa inayofanya tope lishikane lizame, yanatuama kwenye mabwawa, yanapitishwa kwenye mchanga wa kuchujia, mwisho yanawekwa klorini, afu yanasukumwa kwa pampu za umeme kilometa nyingi mpaka kwenye matenki makubwa yaliyojengwa sehemu za mwinuko, kama Kimara kwa maji ya Ruvu Juu na kule Chuo cha Ardhi kwa maji ya Ruvu Chini. Kuanzia hapo kazi kubwa inafanywa na mteremko. Kila mita 10 za kimo zinakupa bar 1 ya presha, ndo maana simtank yako iliyokaa kwenye mnara wa mita 3 inatoa maji ya uvivu bafuni, ina bar 0.3 tu na nyingine inaliwa na mabomba njiani.

Kwahiyo ukiona sehemu wanapata maji usiku tu jua ni habari ya presha. Mchana kila mtu kafungua, laini inaishiwa nguvu, walio mabondeni wanapata na walio mlimani wanabaki kusikiliza bomba likipuliza hewa. Mvua zikigoma ndo balaa, Oktoba 2022 Ruvu ilipungua mpaka mji ukaingia kwenye mgao wa kutangazwa, watu wakarudi kwenye maboza na madumu ya mkokoteni. Sasa mtaa ambao leo sio zamu yake ya maji ukishika moto, haidranti hata kama ipo, imesimama vizuri na imepakwa rangi, ikifunguliwa inatoa hewa. Askari wa zimamoto hana bomba lake la siri, anategemea laini ileile unayoipigia kelele wewe.

Pale Kariakoo, soko kuu lililoungua Julai 10, 2021, kuna kitu huwa kinanirudisha kwenye hii mada. Lile jengo alilibuni Beda Amuli miaka ya sabini, na lile paa la miavuli iliyogeuzwa halikuwa urembo peke yake, lilibuniwa pia likusanye maji ya mvua. Mtu alishawaza maji ya jengo lenyewe nusu karne iliyopita. Leo mtu anajenga ghorofa tano za fremu na maji yote ya jengo ni simtank mbili juu ya paa kwa ajili ya vyoo. Gari la zimamoto linaweza kuvuta maji kwenye tenki la chini ya ardhi, kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, hata mtoni, ilimradi maji hayajakaa chini sana, zaidi ya mita 7 hivi pampu inaanza kushindwa kunyonya. Ukipiga 114 (hiyo ndo namba ya zimamoto Tanzania), ukishataja mtaa na alama ya jirani, msikiti, shule, baa inayojulikana, waambie pia maji ya karibu yako wapi na barabara ipi gari kubwa linapita. Hiyo taarifa ina thamani kuliko kupiga kelele njooni haraka. Na piga mwanzoni, sio baada ya ndoo kushindwa.

Maana ndoo zenyewe nazo zina mambo yake. Maji yanazima moto kwa kupoza, kwa godoro, mbao, nguo, makuti, makaratasi hakuna kitu bora zaidi, mwaga bila kuwaza. Ila jikoni kuna moto ambao ndoo moja inaweza kukupeleka hospitali, nao ni wa mafuta ya kupikia. Mtu kaweka mafuta ya kukaangia chipsi, kapokea simu, kaenda kufungua mlango, anarudi karai linawaka. Mafuta hayo yamepita kwa mbali kiwango cha maji kuchemka, na maji ni mazito kuliko mafuta, kwahiyo ukimwaga yanazama chini ya mafuta na palepale yanageuka mvuke, na lita moja ya maji ikiwa mvuke inataka nafasi ya karibu lita 1,700. Inaipata kwa kurusha mafuta yote juu yakiwa yanawaka, mpaka darini, na wewe umesimama mbele yake na kopo mkononi. Cha kufanya ni kidogo mno mpaka watu wanakidharau: zima jiko, chukua mfuniko au sinia pana, usogeze kutoka upande wako kwenda mbele usije ukakuunguza mkono, funika, ondoka. Usifunue kuchungulia. Mafuta yakiwa bado ya moto sana na ukayapa hewa yanawaka upya, yaache hata nusu saa. Karai lisibebwe kupelekwa nje pia, wengi wanaungua hapo, mafuta yanamwagikia miguuni.

Moto wa umeme nao, zile ekstensheni za elfu tano zilizobeba friji, pasi na hita ya maji kwa pamoja, zima meni swichi kwanza. Umeme ukishakatika huo ni moto wa plastiki na mbao, maji yanaruhusiwa. Kabla ya hapo hapana.

Mtungi wa kuzimia wa poda unafaa kwa mengi ya hayo isipokuwa karai la mafuta, hilo ni la mfuniko, chukua wa kilo chache tu uliofungwa ukutani karibu na mlango, sio nyuma ya jiko ambako ukiutaka inabidi upite kwenye moto. Unachomoa pini, unaelekeza chini moto unapoanzia sio kwenye ndimi juu, unabana, unafagia kushoto kulia. Utaisha ndani ya sekunde chache, kwahiyo simama ukiwa na mlango mgongoni. Na ukishakwisha na moto bado upo, kazi yako imeisha pia, toka na ufunge mlango. Hilo la kufunga mlango naliona linasahaulika sana, mlango uliofungwa unaupunguzia moto hewa na kuchelewesha moshi, na moshi ndo unaoua watu wengi kabla hata ya moto kuwafikia.

Haya, tuje kwenye mafuta yanayomwagika. Agosti 10, 2019 Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakaja na madumu na ndoo, likalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Kenya walishayaona Sachangwan, Januari 31, 2009, nako zaidi ya 100. Kongo, kijiji cha Sange, Kivu Kusini, Julai 2, 2010, walipita 200. Kila mara wa nje wanasema ni tamaa na ujinga. Umaskini upo, sikatai, lakini kuna kitu ambacho wengi waliokuwa pale hawakukijua na waliobaki hai hawajaelezwa vizuri mpaka leo. Petroli yenyewe ile ya majimaji haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake, na petroli inatoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sasa jua la Morogoro. Ule mvuke ni mzito mara 3 mpaka 4 kuliko hewa, haupandi ukapotea, unashuka, unatambaa na mtaro, unajaa kwenye mabonde, unawafunika watu miguuni wakiwa wameinama wanachota. Huuoni. Ikifika sehemu ambapo mvuke ni kama asilimia 1.4 mpaka 7.6 ya hewa, cheche yoyote inatosha. Msamvu taarifa za wakati ule zilitaja mtu aliyekuwa anachomoa betri ya lori. Ingeweza kuwa plagi ya bodaboda, sigara, au chuma kugonga lami. Na moto ukianza hauendi taratibu kutoka kwenye dumu lako kwenda kwa jirani, ule mvuke wote unawaka kwa pamoja, aliyesimama mbali kidogo anaungua sawa na aliyechota.

Dizeli haiko hivyo, inahitaji ipashwe zaidi ya nyuzi 50 ndo itoe mvuke wa kuwaka, mafuta ya taa karibu nyuzi 38. Ndo maana jiko la mafuta ya taa linakaa ndani ya nyumba miaka na miaka, na ndo maana mafuta ya taa yakichakachuliwa na petroli kidogo tu jiko lilelile linakuwa bomu. Ukifungua dumu la mafuta ya taa ukasikia harufu ya sheli, usiyatie kwenye jiko wala kandili.

Petroli ikimwagika ndani, labda ni ile ya jenereta au ya kuuza kwa chupa kwa bodaboda, usiimwagie maji. Inaelea juu yake na maji yanaibeba mpaka jikoni kwa jirani. Usiwashe taa na usizime taa pia, swichi inatoa cheche pande zote mbili. Toa watu, fungua milango, mwagia mchanga mkavu, uzoe mchanga huo upeleke nje kwenye wazi mbali na mtaro. Aliyelowa nguo azivue, aoge kwa sabuni, asisogee jikoni.

Gesi ya mtungi ni ndugu yake kabisa, nayo ni nzito kuliko hewa, inakaa sakafuni, na lita moja ya gesi ya majimaji ikitoka inakuwa kama lita 250 za mvuke. Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilivuja kwanza ikasambaa mtaani ndo ikawaka. Ule mnuko wa kama yai bovu wamewekea makusudi, gesi yenyewe haina harufu. Ukiusikia usiku usiwashe taa kutafuta, fungua milango kwa kupapasa, funga mtungi, toka. Ukitaka kujua inavujia wapi, asubuhi chukua povu la sabuni upake kwenye regyuleta na urefu wote wa mpira, palipo na tundu patafura mapovu. Kuna watu bado wanapitisha kiberiti kwenye mpira kuangalia, sijui niseme nini.

Kemikali za nyumbani zina mambo yake ya kimyakimya. Chupa ya soda yenye mafuta ya taa chini ya meza, mtoto wa miaka miwili ana kiu, hii inajaza wodi za watoto. Akinywa usimtapishe, usimtie kidole wala usimpe mafuta ya kula atapike, shida kubwa ya mafuta ya taa sio yakiwa tumboni, ni yakipanda yakaingia mapafuni. Beba mtoto, beba na chupa, nenda hospitali. Ile dawa ya kutakatisha nguo nyeupe usiichanganye na dawa kali ya choo kwa kuamini vitasaidiana, zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na choo chetu cha mita moja kwa moja na nusu hakina pa kukimbilia. Dawa hizo zikikurukia jichoni au ngozini hapo ndo maji yanarudi kazini, maji mengi ya kutiririka, robo saa nzima bila kukatisha. Na aliyeungua moto vilevile, maji ya bomba ya kawaida dakika 20. Dawa ya meno, asali, mafuta, ute wa yai, vyote hivyo vinafungia joto ndani na daktari atavikwangua baadaye ukiwa unalia.

Sasa moto umezimwa, zimamoto wameondoka, mtaa unanuka. Hapa kuna kipande ambacho karibu hakuna anayekiongelea. Gari linapovuta maji mengi kwenye laini dhaifu, presha ya mtaa mzima inaanguka, na bomba lisilo na presha linakuwa linanyonya badala ya kusukuma. Kama limepasuka na linapita ndani ya mtaro wa maji machafu, na Dar mabomba ya plastiki yaliyolala mtaroni mnayaona wenyewe, linavuta kile kilichopo nje. Kama kuna mtu kazamisha mpira wake kwenye pipa la maji ya kufulia, yale ya pipani yanarudi kwenye laini. Mgao unafanya hivyohivyo kila wiki bila moto wowote, na wale wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye laini wavute kabla ya jirani wanaongeza, mamlaka zinakataza na sababu sio wivu. Klorini iliyobaki kwenye maji inatakiwa iwe kama miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita ili ipambane na uchafu mdogo njiani, haina ubavu wa kupambana na mtaro mzima. Kipindupindu kilichoanza Dar Agosti 2015 kikasambaa nchi nzima kilikuta mji wenye mabomba ya namna hiyo.

Kwahiyo maji yakirudi baada ya moto au mgao, usijaze tenki na yale ya kwanza. Fungua bomba la nje acha yatoke mpaka kutu na tope viishe, ya kunywa chemsha au tia dawa ya maji.

Isipokuwa hali moja. Petroli ina kawaida ya kupenya kwenye mabomba ya plastiki, ikimwagika ikazama kwenye udongo ambamo poli paipu limelala inaingia taratibu ndani ya kuta za bomba na kutoka upande wa maji. Na mabomba ya plastiki yakipata moto nayo yanaachia kemikali. Paradise, mji wa California ulioungua Novemba 2018, walikuta benzini (kemikali ya sumu ambayo imo pia kwenye petroli) kwenye mabomba ya maji ya mji baada ya moto, na watu walikatazwa kuyanywa kwa muda mrefu. Sasa kama lori limemwaga mtaani kwenu au nyumba ya jirani imeungua na maji yako yanatoa harufu ya sheli au plastiki iliyoungua, usichemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu, benzini hakuiharibu bali kunaipeleka kwenye hewa ya jikoni ukaivute. Dawa ya maji nayo haigusi. Acha kuyanywa, acha kupikia, acha kuoga ya moto, chukua maji sehemu nyingine, toa taarifa mamlaka ya maji waje wapime, na hicho kipande cha bomba kilichokaa kwenye udongo wenye mafuta kikatwe kibadilishwe, maana hata ukikisuuza wiki nzima kitaendelea kutoa.